Duka mbele, watu nyuma: kwa nini mtaa wa zamani unalalika usiku

Desemba iliyopita nilikuwa Korogwe, kwa mjomba wangu anayekaa Manundu. Mchana jua lilikuwa limewaka mpaka mbuzi wameacha kula, wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Lakini ilipofika saa 3 usiku tulikuwa tumekaa barazani, mjomba, mimi na wazee wawili wa jirani wasiokosa kahawa yao, na hakuna aliyekuwa akijipepea. Ndani bibi alishalala zamani. Feni hana, na hajawahi kuiomba.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Mjomba," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina lilelile, "wewe si ndo msomi wetu? Haya, nijibu. Vijana wanataka tuivunje hii nyumba tujenge fremu sita, zipangishwe. Tuvunje, au tuiache?"

Nilicheka kwanza. Mimi nasoma fizikia, sijawahi hata kuchanganya zege. Lakini nilipoingia kulala, swali likanifuata kitandani. Kwa nini chumba hiki kimepoa hivi, wakati nyumba mpya ya binamu yangu, mtaa wa pili, ina feni mbili na watoto bado wanalala sakafuni? Na kwa nini mtaa huu una watu mpaka saa 4 usiku, wakati ule wenye fremu mpya na taa kali unakuwa kimya saa 2 tu?

Makala hii ni jibu langu kwa mjomba. Nimelichelewesha kidogo kwa sababu nilitaka kwanza kupiga hesabu.

Nyumba yenyewe ikoje

Ukifika miji yetu iliyokua na reli utaziona nyumba hizi, ingawa kila mwaka zinapungua. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mkonge nao uliingia nchini mwaka huohuo wa 1893, kwa mkono wa Richard Hindorf. Palipo na reli na mashamba pana mishahara, na palipo na mishahara duka halikosekani. Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India, wakafungua maduka kando ya njia, na pamoja na maduka wakaleta aina ya nyumba iliyokwisha kuzoeleka Zanzibar na mwambao: mbele duka, nyuma familia.

Nyumba ya mjomba ni ya namna hiyo. Upande wa barabara ni mwembamba, hatua saba au nane tu. Mbele kuna baraza iliyofunikwa na paa, kisha milango ya mbao ya duka, kisha korido ndefu yenye vyumba pembeni, na mwisho kabisa ua wenye jiko, kisima kilichofukiwa na mwembe. Kuta ni za mawe na udongo zilizopakwa chokaa. Nilizipima kwa futi kamba: sentimeta 30 hivi. Kuta za ubavuni ni za shirika, yaani jirani wa kulia na wa kushoto wameegemea ukuta huohuo.

Wiki ileile nilikwenda Handeni kwenye harusi, safari ya kilometa kama 65. Pale Chanika nikakuta ndugu yake: nyumba ya Kiswahili ya miti iliyokandikwa udongo, korido katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na ua nyuma. Haikuwa na duka, ila meza ya nyanya na vitumbua ilikuwa hapo hapo barazani. Wajenzi ni tofauti na udongo ni tofauti, lakini wazo ni lilelile.

Kumbe Kyoto nako wanazo

Kabla ya safari nilikuwa nasoma kuhusu nyumba za zamani za Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Zinaitwa machiya, yaani nyumba za mjini. Walizijenga wafanyabiashara na mafundi. Mbele duka au karakana, nyuma familia. Upana wake barabarani ni mita tano au sita, lakini kwenda ndani zinaweza kufika mita 20 na kuzidi. Wajapani wenyewe huzitania kwa kuziita malazi ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Ndani kuna njia ya sakafu ya udongo inayotoka mlango wa mbele hadi nyuma, na juu ya jiko paa limeachwa wazi ili moshi na joto vipande. Katikati au nyuma kuna bustani ndogo, wakati mwingine haizidi ukubwa wa mikeka miwili.

Hakuna fundi wa Korogwe aliyesafiri kwenda Kyoto kuiga, wala wa huko kuja huku. Watu wawili waliopewa tatizo moja wakafikia jibu linalofanana. Tatizo lenyewe ni hili: kila mtu anataka kugusa barabara maana barabara ndiyo wateja, kwa hiyo kiwanja lazima kiwe chembamba, na humohumo familia ipate hewa, mwanga na usingizi. Tuone basi jibu hilo linafanyaje kazi, kipande kwa kipande.

Ukuta unaochelewesha joto

Tulifundishwa shuleni kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnunurisho. Ndani ya ukuta linatumia mpitisho. Linapita chembe kwa chembe, polepole. Na kwa kuwa jua huchoma mchana na kuondoka usiku, joto linaingia ukutani kama wimbi, linapanda na kushuka kila saa 24. Kadiri wimbi linavyozama ndani ndivyo linavyochelewa na kudhoofika.

Nimepiga hesabu ya takriban kwa kutumia sifa za kawaida za udongo na saruji. Ukuta wa sentimeta 15, yaani tofali la saruji la inchi 6 tunalojengea sasa, unachelewesha wimbi kwa saa 5 hivi, na unaruhusu zaidi ya robo ya nguvu yake ipite. Ukuta wa sentimeta 30 unalichelewesha kwa saa 10, na unaruhusu chini ya sehemu moja ya kumi.

Sasa weka saa juu ya hizo namba. Ukuta wa magharibi unachomwa zaidi saa 10 jioni. Ongeza saa 5: joto linatokea chumbani saa 3 usiku, wakati uleule unapopanda kitandani. Ndiyo maana unagusa ukuta wa nyumba mpya usiku ukaukuta wa moto kama tumbo la chungu. Ongeza saa 10: joto linatokea saa 8 usiku, na limebaki dogo sana, na hewa ya nje imeshapoa kiasi cha kulipokea na kuondoka nalo. Kama uso wa nje wa ukuta umepanda nyuzi 15 juu ya wastani wake, upande wa ndani wa ukuta mwembamba utapanda nyuzi 4 hivi, na wa ukuta mnene nyuzi 1 tu.

Unene huo pia ni ghala. Mita moja ya mraba ya ukuta wa udongo wa sentimeta 30 ina uzito wa kilo 500 hivi. Mita moja ya mraba ya bati la kawaida haifiki kilo 3. Ili kupandisha joto lao kwa nyuzi moja, ukuta unahitaji nishati mara 400 ya ile inayohitajiwa na bati. Kwa hiyo jua likitoka, bati linaungua ndani ya dakika chache, wakati ukuta unajinyoosha tu.

Lakini ghala lisipofunguliwa usiku, kesho litaanza limejaa. Ukuta mnene unahitaji usiku wenye ubaridi na hewa ya kupita. Handeni, iliyo juu ya Korogwe kwa karibu mita 400, inapata usiku wenye ubaridi zaidi. Hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 au 7 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tofauti ni kama nyuzi mbili na nusu. Korogwe yenyewe iko chini ya milima ya Usambara, na usiku hewa iliyopoa milimani huwa nzito, ikashuka bondeni kama maji. Huko Kyoto, kiangazi usiku hupoa kidogo sana na unyevu ni mwingi. Kwa sababu hiyo hawakutegemea unene. Kuta zao ni nyembamba, za fito za mianzi na udongo, nao wakaweka matumaini yote kwenye upepo. Funzo hapo ni kwamba usiinakili nyumba ya mtu kabla hujauliza usiku wake ukoje.

Jirani ni mwavuli

Kipande cha pili hakionekani kwa macho: ukuta wa shirika. Chukua nyumba yenye upana wa mita 5, urefu wa mita 20 na kimo cha mita 3. Ikisimama peke yake, kuta zake za nje zina eneo la mita za mraba 150. Ikibanwa na majirani pande zote mbili, kinachobaki juani ni mbele na nyuma tu: mita za mraba 30. Sehemu moja ya tano! Huku kwetu, karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini na kupiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja. Safu ya nyumba zilizoshikana hujifanya kama watu waliokaa benchi moja msimu wa baridi: kila mmoja anamkinga mwenzake, ila hapa wanakingana na joto.

Ukivunja nyumba moja katikati ya safu, unawavua nguo majirani wawili. Ukuta ambao haukuwahi kuona jua tangu ujengwe unaanza kuchomwa na kunyeshewa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililomwambia mjomba, naye akalinyamazia kwa muda, maana mmoja wa wale wazee wa kahawa ndiye jirani wa kushoto.

Ndoo ya maji uani

Kila jioni, kabla ya magharibi, shangazi anachukua maji yaliyosuuzia nguo na kuyanyunyiza uani na mbele ya baraza. Ukimuuliza atasema anatuliza vumbi. Ni kweli. Wajapani wana desturi ileile, na hata jina wameipa, uchimizu. Wao wanasema waziwazi kwamba wanatafuta ubaridi.

Maji yakigeuka mvuke hula nishati nyingi mno. Lita moja inayokauka kutoka ardhini inachukua kilojuli 2,400 hivi. Hiyo ni sawa na nishati ya pasi ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka dakika 40 mfululizo, isipokuwa hapa joto linaondolewa badala ya kuletwa. Shangazi, kwa ndoo ya maji machafu, anafanya kazi ambayo kiyoyozi kingeidai LUKU.

Kisha upepo unaingia kazini. Ua wenye kivuli cha mwembe na ardhi mbichi una hewa iliyopoa. Mbele, barabara ya lami bado ina moto. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Hewa ya uani, iliyo nzito, inavutwa kupitia korido kwenda kujaza nafasi. Ndo ule upepo mdogo unaousikia miguuni ukikaa mlangoni. Machiya zenye bustani mbili, moja yenye jua na nyingine yenye kivuli, hutumia mchezo huohuo. Lakini korido lazima iwe wazi kuanzia mbele mpaka nyuma. Ukijenga stoo ikaziba mlango wa uani, umezima feni ambayo hukujua unayo.

Masika, hewa ikishashiba mvuke, ndoo haisaidii sana. Na Handeni, ambako hewa kavu ingeifanya ifae zaidi, maji ndiyo shida yenyewe ya kila siku. Hapo ni maji ya kufulia tu, asimwage mtu ndoo ya kunywa kwa sababu ya makala yangu.

Bati: adui wa mchana, rafiki wa usiku

Bati linasemwa vibaya, na mchana linastahili. Juani linaweza kuzidi nyuzi 60, halafu linainyesha nyumba yote joto kwa mnunurisho. Dawa yake ni dari, na nafasi ya hewa kati ya dari na bati iwe na matundu ya kutolea joto.

Usiku mambo yanageuka. Kitu chochote chenye joto hununurisha, na anga safi la usiku halirudishi chote kinachopokea. Bati jembamba linapoteza joto haraka mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana alfajiri unaona umande unadondoka kwenye vipenuo hata kama mvua haikunyesha. Barabara pana nayo inanufaika kwa njia hiyohiyo, kwa sababu inaliona anga kubwa. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba, mchana vina kivuli kitamu, lakini usiku vinaachia joto taratibu zaidi, kwa kuwa kuta zinatazamana zenyewe badala ya kulitazama anga. Kila umbo lina saa yake ya kufaidi.

Taa: wingi wa mwanga si kuona

Sasa tutoke nje, turudi barazani saa 3 usiku.

Taa ya baraza ya mjomba ni balbu moja ya LED ya wati 9, imefichwa nyuma ya boriti. Huioni balbu, unaona ukuta uliopakwa chokaa ukiwa umeng'aa. Chokaa safi hurudisha zaidi ya asilimia 70 ya mwanga unaoipiga, kwa hiyo ukuta mzima unakuwa taa. Mtaa wa pili wana taa kali zilizotundikwa juu kwenye nguzo, na mwanga mweupe wa kibuluu. Kwa kipimo, mwanga wao ni mwingi zaidi. Lakini nilipopita huko nilijikwaa mara mbili.

Sababu iko kwenye jicho. Jicho lina chembe za aina mbili za kupokea mwanga, za mchana na za usiku. Zile za usiku zinahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili zifikie uwezo wake kamili, na mwako mmoja mkali unazirudisha nyuma. Chini ya taa kali unaona vizuri pale pale ulipo. Ukipiga hatua kuingia kivulini, umekuwa kipofu kwa muda. Anayekusubiri kivulini, yeye anakuona wewe. Kwa wazee ni vibaya zaidi: mtu wa miaka 60 hupata kwenye retina kama theluthi tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20, na lenzi ya jicho lake hutawanya mwako kama kioo cha gari chenye vumbi.

Watu wa Kyoto walilitatua hili kwa karatasi. Taa zao za asili zilikuwa kijisanduku cha fito kilichovikwa karatasi, ndani mna utambi wa mafuta. Karatasi haiongezi mwanga, tena inapunguza. Inachofanya ni kuutandaza. Mwanga uliotoka kwenye kitu cha ukubwa wa yai ukitandazwa kwenye pande za sanduku la sentimeta 30 kwa 40, mng'ao wake unapungua makumi ya mara, na jicho halishtuki. Mbele ya nyumba wana viunzi vya mbao vyenye nafasi ndogo ndogo, na mwanga wa ndani unachuruzika kupitia hapo mpaka barabarani. Ndo siri ya mitaa ile ya zamani usiku, inayopigwa picha na watalii: mwanga ni kidogo, lakini umesambaa sawa.

Sisi hatuna viunzi vile, ila tuna kaunta yenye wavu, mlango wa duka ulio nusu wazi, jiko la mkaa la muuza mishikaki na taa ya muuza chipsi. Wote hao ni taa fupi fupi, zilizo chini, kila hatua chache. Umeme wenyewe ni wa kwetu tangu zamani. Kituo cha Hale, chenye megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964 humuhumu wilayani Korogwe. Tunachokosea ni mahali pa kuiweka taa.

Mwaka 1961 mwandishi wa Marekani, Jane Jacobs, alitoa kitabu kuhusu maisha na kifo cha miji, akasema usalama wa mtaa unatokana na macho ya watu wanaoutazama. Mjomba hajakisoma, lakini anajua nani kapita na nani hajarudi. Fremu sita zikishafungwa mageti saa 2 usiku, wapangaji wanakwenda kulala kwao. Zinabaki kuta za chuma na taa kali inayomulika lami tupu. Duka lenye watu nyuma yake halifungi macho.

Tusidanganyane: nyumba hizi zina kasoro

Mchwa wanaila milango. Udongo ukinyeshewa bila kipenuo kirefu unabomoka. Chumba cha katikati ni cha giza hata saa 6 mchana. Na kuna mbu.

Hili la mbu, Korogwe haiwezi kulipuuza. Kituo cha utafiti cha NIMR hapa mjini kilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Mbu wa malaria huingia usiku, na mlango anaoupenda ni ule mwanya kati ya ukuta na paa, uleule unaotoa joto nje. Ukiuziba kwa saruji umemzuia mbu lakini umepika chumba, na mtu aliyepikwa anakitupa chandarua au anakaa nje mpaka saa 5. Jibu ni wavu: ziba mwanya kwa wavu imara, upepo upite na mbu abaki nje. Wavu hupunguza upepo kiasi, kwa hiyo acha mwanya uwe mpana kidogo.

Basi, tuvunje au tusivunje?

Kyoto walilijibu swali hili wakiwa wamechelewa. Mwaka 1975 Japani ilibadili sheria ili mitaa mizima ilindwe badala ya jengo moja moja, na mwaka 2007 mji wa Kyoto ukapunguza vimo vya majengo na kupiga marufuku matangazo ya juu ya mapaa na yale ya taa za kumetameta. Hata hivyo, hesabu ya machiya ilishuka kutoka zaidi ya 47,000 mnamo 2009 hadi kama 40,000 mwaka 2016. Wenye nyumba walikuwa na sababu zilezile za mjomba: ukarabati ni ghali, kodi ni tamu, na vijana wanataka choo cha ndani.

Kwa hiyo sikumwambia mjomba asivunje. Nyumba ni yake, na mkopo ni wa watoto wake. Nilimwambia kwamba kama watajenga upya, kuna mambo sita ambayo nyumba ya zamani inayajua, na fundi ayasikie kabla hajapiga kamba ya kwanza. Ukuta wa magharibi uwe mnene, hata kama mingine ni ya inchi 6. Korido ifike uani bila kuzibwa. Ua ubaki, na mwembe usikatwe. Dari liwekwe, na mianya ya juu iwe na wavu. Baraza iwepo, taa yake ifichwe na iwe ya rangi ya joto, ambayo kumbikumbi nao huijia kidogo kuliko nyeupe. La sita ndilo zito kuliko yote: nyuma ya fremu walale watu.

Na wewe msomaji unaweza kuyapima haya nyumbani kwako, bila maabara. Tafuta kipimajoto cha kawaida. Leo saa 10 jioni pima ukuta wa magharibi kwa nje, kisha upande wa ndani kila saa moja mpaka utakapolala. Andika saa ambayo ukuta wa ndani umefikia kilele. Kama ni saa 3 usiku, umeshamjua anayekunyima usingizi.

Juzi mjomba alinipigia. Fremu zitakuwa tatu badala ya sita, na nyuma vitabaki vyumba vinne na ua. Wamemwita fundi. Bibi alikuwa na sharti lake moja, na hakulitoa kwenye hesabu zangu: chumba chake kisiguswe, maana humo ndimo anamopata usingizi.